Mirihi Haijatunyima Maji

Kila roboti inapotua kwenye sayari ya Mirihi, wimbo ni ule ule: eti watu wanatafuta maji angani na Turkana hakuna ya kunywa. Nimeusikia kwenye matatu, nimeusikia kwenye vikao vya wasomi, na kila mara unapigiwa makofi. Mimi nimeuchoka. Ni hasira ya haki inayobisha mlango usio wake.

Hebu tuangalie roboti zenyewe. Mwaka 2008, Phoenix ilichimba ardhi karibu na ncha ya kaskazini ya Mirihi, ikafichua vipande vyeupe. Siku nne baadaye, baadhi vilikuwa vimetoweka. Chumvi haitoweki hivyo. Barafu ndiyo hugeuka mvuke. Lakini wanasayansi hawakutosheka na picha. Mwezi wa Julai waliiagiza roboti itie udongo kwenye kitanuri chake, iupashe moto na kupima mvuke uliotoka. Ulikuwa wa maji. Curiosity, iliyotua 2012, nayo ilitoboa mawe ili kuthibitisha kwamba palikuwa na ziwa zamani. Hao wanaonja kwanza.

Sasa turudi nyumbani. Septemba 2013 tulitangaziwa kwamba setilaiti na rada zimeonyesha hazina kubwa ya maji chini ya ardhi ya Lotikipi, huko huko Turkana. Shangwe, hotuba, vichwa vya habari! Maji yalipokuja kupimwa vizuri, yakaonekana yana chumvi kupita kiasi cha kunywa. Sisi tulisherehekea kabla ya kuonja, bana.

Wapo watakaosema pesa za roboti zingechimba visima. Pesa zipi? Za mlipakodi wa Marekani, ambazo hazijawahi kupita kwenye bajeti yetu. Curiosity ikizimwa leo, hakuna bomba litakalofika Lokichar kesho. Ni kweli, roboti haimtui mama ndoo kichwani. Lakini kuna bajeti ya taifa na ya kaunti, tunazozilipia wenyewe, na hizo hatuzikemei kwa sauti tunayoikemea Mirihi. Mirihi haina mheshimiwa wa kukasirika, ndiyo maana ni rahisi kuisema.

Na kuna hili pia. Mirihi ilikuwa na mito. Leo kanieneo ya hewa yake haifiki hata asilimia 1 ya ile ya kwetu, na chombo cha MAVEN, kilichoanza kuizunguka 2014, kilipima jinsi hewa hiyo inavyozidi kuvujia angani. Sayari iliyokauka hivyo haifufuki kwa hotuba. Nani anahitaji kulijua hilo kuliko watu wa nchi kame?

Kwa hiyo siku nyingine mheshimiwa akija kukata utepe kisimani, tusimpigie makofi. Tumuulize: nani ameyaonja haya maji? Yana chumvi kiasi gani? Na pampu ikiharibika, fundi atatoka wapi?