Regia hakusubiri viti maalumu

Makamanda, uchaguzi ukikaribia mabinti tunaambiwa yaleyale: jimbo waachieni wanaume, nyie subirini viti maalumu. Regia Mtema hakusubiri. Mwaka 2010, akiwa na miaka 30 na ulemavu wa mguu, aligombea Kilombero kwa tiketi ya CHADEMA. Alishindwa, ndiyo. Ila Ibara ya 78 ya Katiba inagawa viti maalumu kwa uwiano wa kura za ubunge, kwa hiyo kura alizozisaka kule Ifakara zilihesabika. Akaingia bungeni, akawa waziri kivuli wa Kazi na Ajira, mpaka ajali ya Ruvu ilipomchukua Januari 14, 2012. Mwaka 2015 jimbo tukalibeba. Viongozi wetu wa wilaya, binti akija kuchukua fomu ya jimbo, mpeni fomu. Ushauri wa kusubiri bakini nao.