Kwa nini hawatoki katika nyumba ile?



Kila penye filamu ya kutisha, kelele ni zile zile. Msichana anasikia kitu kikianguka chini ya nyumba, taa haziwaki, na yeye anashuka peke yake kuangalia. Sisi sote tunapaza sauti: «Usiende! Toka! Kimbia!» Watoto wanacheka, bibi anasonya, na kila mmoja anasema mtu huyu hana akili.

Wiki hii tuzungumzie filamu hizo, maana watoto wetu wanaziangalia kwenye simu na kwenye flashi, tupende tusipende. Makosa tunayoyacheka ndani yake ni ya aina mbili, na aina hizo hazifanani.

Aina ya kwanza ni hadithi kuvunja sheria yake yenyewe. Katika Signs, ya mwaka 2002, viumbe kutoka angani wanakuja kuvamia dunia, na mwishoni tunaambiwa kwamba maji yanawaunguza. Sasa, nani anavamia dunia iliyojaa maji, tena bila hata nguo mwilini? Mvua moja ya Bukavu ingewamaliza kabla ya saa sita mchana!

Au A Quiet Place, ya mwaka 2018. Humo kuna wanyama wasioona, wanaowinda kwa kusikia. Familia moja inatembea bila viatu juu ya mchanga na kuzungumza kwa ishara za mikono. Siku moja baba anampeleka mwanawe kwenye maporomoko ya maji, na hapo wanapiga kelele wapendavyo, kwa sababu mngurumo wa maji unafunika sauti zao. Basi kwa nini familia haijengi pale pale? Na ule msumari uliochomoza kwenye ngazi, mama akaukanyaga akiwa na uchungu wa kuzaa, kwa nini hakuna aliyeuwekea hata kitambaa?

Mtoto anayeuliza hivyo tumsifu. Anajifunza kupima hadithi anayoletewa. Kesho mtu atakuja kumwahidi kazi nzuri katika nchi ya mbali, bila kutaja mshahara wala jina la mwajiri, na akili hiyo hiyo itamsaidia.

Aina ya pili ni mtu kuchagua jambo ambalo sisi tulioketi tunaliona la kijinga. Hapa twende polepole.

Katika Scream, ya mwaka 1996, msichana Sidney anazungumza kwenye simu na kuzidharau filamu za kutisha: eti msichana anapanda ngazi kukimbilia juu, wakati alipaswa kutoka kwa mlango wa mbele. Dakika chache baadaye muuaji anamvamia. Sidney anaukimbilia mlango wa mbele, lakini mnyororo umefungwa na hana nafasi ya kuufungua. Anapanda ngazi, kama wale aliowacheka.

Tazama pia The Conjuring, ya mwaka 2013. Mume, mke na mabinti watano wanahamia nyumba ya shambani huko Marekani, mwaka 1971. Mbwa wao anakataa kuingia. Asubuhi wanamkuta amekufa. Saa za nyumba zinasimama zote saa 9 na dakika 7 usiku. Mama anaamka na michubuko mwilini. Nasi tunapiga kelele: «Hameni!» Lakini baba, dereva wa lori, anatoa jibu lake: pesa zao zote zimeingia katika nyumba ile, na nani atapokea watu saba bila kujua watakaa mpaka lini?

Ondoa pepo katika jibu hilo. Linabaki jibu tunalolijua. Nani kati yetu hajasikia mama akisema hana garanti ya nyumba nyingine, na kwamba kwa dada yake kuna chumba kimoja tu?

The Shining, ya mwaka 1980, inatufunza zaidi. Watu wengi wanakumbuka hoteli tupu, theluji iliyofunga barabara, na mume mwenye shoka. Lakini mapema, kabla hawajahamia katika hoteli ile, mama Wendy anazungumza na daktari aliyekuja kumwona mtoto wao. Anamweleza kwamba siku moja mumewe, akiwa amelewa, alimvuta mtoto mpaka bega likateguka. Anasema ilikuwa ajali, na kwamba tangu siku ile mume hajagusa pombe. Anajitahidi kutabasamu. Kisha anafunga mizigo, anamfuata mume huyo mlimani pamoja na mtoto.

Watazamaji wanauliza kwa nini alikwenda. Swali hilo hilo tunaliuliza kwenye bomba la maji, juu ya jirani: «Anapigwa kila wiki, kwa nini hatoki?» Tunauliza kama vile mlango uko wazi na yeye hauoni. Labda mlango una mnyororo. Labda mume anashika pesa zote, familia imekula mahari na haitaki kusikia, watoto ni wanne. Na labda, kama Wendy, bado anaamini ahadi aliyopewa.

Na akitoka, hatari haiishii hapo. Katika The Invisible Man, ya mwaka 2020, Cecilia anamtoroka mwanaume wake usiku. Alikuwa ameficha mfuko, na dada yake akaja kumchukua na gari. Mwanaume anamfuata hata hivyo, na hatari kubwa zaidi ni kwamba hakuna anayemwamini.

Kwa hiyo, wiki hii, mambo mawili ya kufanya nyumbani. Wadogo wasiangalie filamu hizi peke yao usiku. The Conjuring, huko Marekani, mtoto wa chini ya miaka 17 haingii kuitazama bila mtu mzima. Wakubwa, mkae nao, na filamu ikiisha waulizeni: hapa ni hadithi iliyovunjika, au ni mtu aliyekosa njia? Mtashangaa watakayosema.

La pili, kama kuna mama ambaye umekuwa ukimwuliza kwa nini hatoki, badilisha swali. Mwulize: «Ukitoka, utalala wapi?» Kama hana jibu, mtafutieni jibu hilo pamoja, kimya kimya, mtu wa nyumba yake asijue. Pengine ni chumba kwa mmoja wenu. Pengine ni zamu yake ya likelemba isogezwe mbele. Pengine ni kumtunzia mfuko wenye nguo za watoto na karatasi zao za kuzaliwa.

Tuonane wiki ijayo.