Daftari la Vitabu ni la Nani?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kwangu mimi hakuna mali inayohitaji daftari kuliko vitabu, kwani kitabu kisichoandikwa popote kwamba kipo, hata kikiwa kizima rafuni, ni sawa na kilicholiwa na mchwa.

Katika maktaba za leo daftari hilo ni mkusanyo wa rekodi: jina la mtungaji, jina la kitabu, mahali na mwaka kilipochapwa, idadi ya kurasa, na mambo yazungumzwayo humo. Hiyo ni habari ya kitabu, wala si kitabu chenyewe. Nalo swali linalowagonganisha wakutubi wa Marekani kwa miaka mingi ni hili: je, maktaba iliyokwisha kuiandika habari hiyo iwape wengine bure, au habari hiyo ina mwenyewe?

Mzozo unalizunguka shirika la OCLC, lililoasisiwa mwaka 1967 na vyuo vya jimbo la Ohio. Shabaha yake ilikuwa njema: kitabu kikisha kuorodheshwa na mkutubi mmoja, wengine wasirudie kazi ile ile. Leo daftari lake, liitwalo WorldCat, lina rekodi zaidi ya milioni 500, na nyingi zimeandikwa na maktaba zile zile zinazolipa ada kulitumia. Novemba 2008 shirika lilitangaza masharti mapya ya kubana namna rekodi hizo zitakavyopewa wengine. Wakutubi walipiga kelele, masharti yakaondolewa, na mwaka 2010 yakaja mengine yaliyolainishwa. Juni 2022 OCLC iliishtaki kampuni ya Clarivate, iliyokuwa ikitengeneza chombo cha maktaba kupeana rekodi bure. Novemba mwaka huo walisuluhishana, na Clarivate ikaacha kutengeneza chombo hicho kwa rekodi za WorldCat.

Sipendi kuwadhulumu OCLC. Kusahihisha makosa, kuondoa marudio na kutunza mitambo ni kazi ya watu wanaohitaji kula na kuvaa. Wote wakichota kisimani bila kuchangia, nani atakayekizibua kikijaa mchanga? Lakini kulipwa kwa kazi ni jambo moja, na kuimiliki habari ni jambo jingine. Maktaba ya Bunge la Marekani ilipoanza kuuza kadi zake kwa maktaba nyingine mwanzoni mwa karne ya 20, bei ilikuwa gharama ya kuzitengeneza na nyongeza ya asilimia 10. Na mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya kitabu cha simu, iliamua kwamba ukweli mtupu, kama jina la mtu na nambari yake, hauna hakimiliki. Jina la mtungaji na mwaka wa kitabu ni nini, kama si ukweli wa namna hiyo? Chuo Kikuu cha Harvard kilitoa rekodi milioni 12 bure mwaka 2012, na Maktaba ya Bunge ikatoa milioni 25 mwaka 2017. Hakuna iliyofilisika.

Msomaji wa Lamu au Mombasa ataniuliza: haya yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Tenzi na vyuo vyetu vingi vya mkono vimo katika maktaba za ng'ambo, na atakaye kujua utungo wa babu yake umelala wapi hana budi kuanza na orodha. Hata miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ambayo yenyewe ilibaki kwao, ilipigwa picha na kuorodheshwa kwa mradi unaosimamiwa na British Library. Oktoba 2023 wahalifu wa kompyuta waliivamia maktaba hiyo, na orodha yake kuu haikurudi mtandaoni hadi Januari 2024. Palipo na nakala moja, mwizi mmoja atosha.

Ibn al-Nadim wa Baghdad aliandika Fihrist yake katika karne ya 10. Vitabu vingi alivyovitaja havipo tena. Twavijua kwa majina tu, kwa kuwa orodha ile ilinakiliwa mkono kwa mkono. Lau ingalifungiwa kwa mtu mmoja, hata majina tusingeliyajua.

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Maktaba zetu zinaponunua mitambo ya kuorodheshea vitabu, zitake iandikwe katika mkataba kwamba rekodi zilizoandikwa na watumishi wake ni zake, na zaweza kupewa yeyote. Nazo nyumba zenye miswada zisihofu. Kuorodhesha kilichomo sandukuni si kutoa ufunguo wa sanduku. Ni kumwachia mjukuu habari kwamba sanduku lipo.