Mbwa Ghorofa ya Nne: Kabla Hujamnunulia Mtoto



Ndugu msomaji, likizo imekaribia, na katika nyumba kadhaa hapa Mombasa watoto mara hii hawaombi baiskeli wala simu. Wanaomba mbwa. Wamemuona kwenye video, manyoya kama pamba, macho ya buluu, na baba anakumbushwa kila usiku baada ya chakula. Na sisi tumeulizwa, na wazazi zaidi ya mmoja, swali ambalo zamani lingechekesha watu barazani: ni mbwa gani anayefaa kukaa fleti katika joto hili letu?

Tumeona tulijibu kwa urefu. Jibu fupi la "mbwa ni haramu, basi" si sahihi hivyo lilivyo, wala halimsaidii mzazi. Na jibu la wauzaji, kwamba mbwa yeyote atazoea ukimpenda, hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu tumeona lilipofikisha watu.

Katika jengo tunalokaa kuna familia moja, watu wema, ghorofa ya nne. Walimnunua mtoto wa Husky kutoka Nairobi mwezi wa Julai, wakati wa kusi, upepo mzuri, usiku unajifunika shuka. Mbwa alikua vizuri. Ikaja Februari. Siku hiyo stima ilikatika tangu asubuhi, kiyoyozi kikazima, baba yuko kazini, mama kenda hospitali kumtazama mgonjwa, watoto shule. Waliporudi alasiri walimkuta amelala kwenye vigae vya msalani, ulimi umebadilika rangi, hasimami. Walimteremsha ngazi zote hizo wamemfunga kwa leso iliyoroweshwa maji. Hakufika kwa daktari wa mifugo. Mtoto wao wa miaka 9 alimuuliza mmoja wetu pale chini: "Ami, sisi ndio tuliomuua?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Mengi ya tunayoandika hapa tuliyajua baada ya swali lile, tulipokwenda kuuliza na kusoma.

Mbwa hatoki jasho kama sisi. Kijasho chake kidogo kiko kwenye nyayo tu. Joto la mwili hulitoa kwa kuhema: hewa inapita juu ya unyevu wa ulimi, mdomo na pua, unyevu unakauka, na kule kukauka ndiko kunakompoza. Sasa fikiria hewa yetu ya Februari na Machi, ile ambayo nguo uliyoanika asubuhi unaianua magharibi bado ina ubichi. Hewa iliyokwisha kujaa maji haipokei maji mengine. Mbwa atahema mpaka achoke na mwili usipoe. Ndiyo maana nyuzi 32 au 33 za Mombasa humlemea kuliko nyuzi hizo hizo mahali pakavu. Na ndiyo maana feni inayomlaza mtoto wako usingizi haimsaidii mbwa kwa kiasi kile unachodhani. Kazi ya feni ni kukausha jasho, na yeye jasho hana. Joto lake la kawaida ni kiasi cha nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41 na kuendelea kupanda, viungo vya ndani huanza kuharibika, na hapo mambo huhesabiwa kwa dakika.

Kwa hivyo cha kwanza kutazamwa si rangi wala macho. Ni pua. Mbwa wenye nyuso bapa, kama Pug, Bulldog, French Bulldog, Pekingese na Shih Tzu, wamezalishwa na watu kizazi baada ya kizazi mpaka pua ikakaribia kupotea, na pua ndiyo mashine yao ya kujipoza. Ule mkoromo ambao watu huuchekea kwenye video ni mnyama anayetafuta pumzi. Mwaka 2020 watafiti wa Nottingham Trent University na Royal Veterinary College walichapisha uchunguzi wa rekodi za mbwa zaidi ya 900,000 wa Uingereza. Walikuta kwamba Bulldog yuko katika hatari ya kuugua kwa joto takriban mara 14 kuliko Labrador, na Chow Chow karibu mara 17. Hiyo ni Uingereza, nchi ya mvua na makoti. Sisi wa Tudor na Majengo tusemeje? Na cha kusikitisha ni kwamba hao wenye nyuso bapa ndio hasa wanaopendekezwa kwa watu wa fleti, eti kwa kuwa ni wadogo na hawahitaji kukimbia.

Cha pili ni manyoya. Husky ni mbwa wa Siberia wa kuvuta magari ya barafu. Japanese Spitz na Chow Chow nao wana manyoya mazito, na German Shepherd, ambaye Wakenya tunampenda sana, ana tabaka mbili za manyoya, ijapokuwa wengine hustahimili pwani wakipata uwanja, kivuli na maji. Uwanja, tumesema, si roshani. Wako wanaosema watamnyoa. Manyoya ya tabaka mbili ukiyanyoa unaiacha ngozi wazi kwa jua, na huenda yakaota vibaya. Mpaka umefika hapo umeshakubali mwenyewe kwamba ulikosea kumleta.

Ukubwa ni jambo la tatu, nalo huwadanganya wengi. Mbwa mdogo si lazima awe mtulivu. Jack Russell ni mdogo, lakini alizalishwa kwa kazi ya kufukuza mbweha mpaka ndani ya shimo. Mfungie vyumba viwili na atachimba kochi lako.

Basi nani anabaki? Ukituuliza kwa hali ya hewa peke yake, tutasema mbwa mwenye pua ndefu, manyoya mafupi, mwili mwembamba wa wastani, tena aliyekwisha kuwa mtu mzima, tabia yake inajulikana. Basenji wa misitu ya Congo anatajwa sana, na kwa haki: manyoya mafupi, hujisafisha kama paka, wala habweki kama wenzake. Lakini ni mbwa wa kuwinda, anataka kukimbia kila siku. Na yuko mwengine anayetimiza sifa zote hizi bila ya kununuliwa: huyu wa mitaani kwetu tunayemwita koko kwa dharau. Ameishi na jua hili na unyevu huu tangu mababu zake. Maskini, hana anayemtia kwenye video. Tatizo lake ni kwamba amezoea kuzunguka, na ukimfungia ghorofa ya nne atalia usiku kucha.

Tufike sasa kwenye upande wa dini, kwa kuwa wasomaji wetu wangetushangaa tukiupita. Sisi si mamufti na kila mtu ana shekhe wake, ila yaliyo mashuhuri ni haya. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba anayefuga mbwa asiye wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba, hupungukiwa na thawabu zake kila siku kwa kadiri ya kirati. Maulamaa wengi wamelinganisha na hayo haja ya ulinzi. Na malaika wa rehema, kwa hadithi iliyo sahihi, hawaingii nyumba yenye mbwa. Mlango wa haja basi umeachwa wazi, na Qur'ani yenyewe katika Suratul Maida imehalalisha kinachokamatwa na mnyama wa kuwinda aliyefunzwa. Lakini tuulizane kwa ukweli: ghorofa ya nne kuna mifugo gani? Chini kuna bawabu, mlangoni kuna geti la chuma. Anayepakata Pug mbele ya televisheni asiseme ni wa ulinzi.

Kuna na tohara. Wengi wetu pwani ni Mashafi'i, na kwetu sisi mbwa ni najisi nzito. Alichokilamba huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Wamaliki wana rai nyengine, na mwanafunzi wetu akienda kusoma Morocco au Sudan ataisikia, basi asirudi kuwatukana wazee, wala wazee wasimtukane. Lakini wewe unayefuata rai ya Imam Shafi'i, yafanyie hesabu maisha yako ya kila siku katika vyumba viwili: mkeka wa kusalia, kanzu, bui, mto wa mtoto, sahani. Katika nyumba yenye ua mbwa ana mahali pake na watu wana pao. Katika fleti hakuna pake. Na maji ya kuoshea mara 7 yatoke wapi, ikiwa wiki nzima mfereji umekauka na unayanunua ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi?

Halafu jirani. Huyu tunamsahau sana. Mbwa hutoka kujisaidia mara tatu au nne kwa siku, na katika majengo yetu njia ni ile ile ngazi wanayopita watoto na juzuu zao kwenda chuoni. Mwenye mbwa akichelewa, ajali inatokea kwenye ngazi. Au mbwa anawekwa roshani, na yale maji yanadondokea kanzu ya wa chini aliyoianika kwa ajili ya Ijumaa. (Haya si ya kubuni. Tulikuwapo kwenye kikao cha wapangaji, na sauti zilipanda.) Soma mkataba wako wa nyumba, na waulize wa juu, wa chini na wa ubavuni kabla, si baada.

Wako wenye haja ya kweli na hatutaki kuwafungia mlango: asiyeona anayeongozwa na mbwa, au mama mjane anayekaa peke yake mtaa usio na amani. Hao wamuulize shekhe wao, kisha wamuulize daktari wa mifugo. Tungewaambia pia yafuatayo. Mbwa atoke baada ya alfajiri, kabla jua halijakomaa, na tena karibu na magharibi. Weka mgongo wa mkono wako juu ya lami, ukishindwa kuuacha muda wa kuhesabu mpaka 7, basi nyayo zake nazo hazitaweza. Maji yawepo mchana kutwa. Usimfungie ndani ya gari, hata kama unaingia dukani mara moja tu. Akizidiwa na joto, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima huku ukimpepea na umpeleke kwa daktari mbio. Msilitegemee leso lililorowa peke yake kama tulivyofanya sisi. Na chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka bila ya hoja, kwani ugonjwa ule ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Aliyeumwa au kuparuzwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa waliobaki, ambao ndio wengi, rai yetu ni msinunue. Si Husky, si Pug, si yeyote. Tunajua kuna watakaosema tunawaonea wivu watoto.

Ila tusiishie hapo tukajiona tumeshinda, kwa sababu tuna dhambi yetu nyengine. Vijana wakitoka chuoni, na vitabu mkononi, wanamrushia mawe mbwa aliyelala kivulini, na watu wazima barazani wanacheka. Nani aliwafundisha? Mate yake kuwa najisi hakukumfanya yeye kuwa adui. Wote tumesomeshwa habari ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kiatu chake kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Na mbwa wa watu wa pangoni ametajwa ndani ya Suratul Kahf, ambayo tunaisoma kila Ijumaa. Tunaisoma na huku mawe yanarushwa nje.

Mtoto anayetaka mnyama wa kumpakata, kuna paka. Asili yake ni nchi kavu za joto, fleti anaiweza, na Mtume (SAW) ametuambia kuwa si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Naye pia ana haki zake. Yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila ya chakula habari yake inajulikana. Naye achanjwe.

Yule baba wa ghorofa ya nne alitujia tena baada ya mwezi wa Ramadhani. Kaona tangazo la French Bulldog, bei imepunguzwa, tunaonaje? Tulimwambia tunavyoona, na alitununia siku mbili tatu. Hakumnunua. Mwanawe sasa amekata mtungi wa plastiki, ameuweka chini ya mwarobaini nje ya geti, na kila jioni anateremka kuujaza. Anaukoroga kwanza kwa kijiti, mbu wasizalie. Siku maji yakikosekana jengo zima, bawabu humtilia kikombe kimoja kutoka kwenye ya kwake ya kutawadhia.

Wallahu a'alam.