Ujira wa Kungoja

Katika gereji za miji yetu, tangu Gerezani ya Dar es Salaam mpaka Barabara ya Kirinyaga ya Nairobi, hapana ugomvi unaorudiwa mara nyingi kuliko ule wa mwenye gari aliyeambiwa asubuhi kwamba kazi yake ni ya saa moja, akarejea adhuhuri akakuta gari lingali juu ya jeki, fundi kalala mvunguni, na sababu ya yote hayo ni boliti moja isiyozidi urefu wa kidole, ambayo imekataa kufunguka au, jambo lililo baya zaidi, imelika kichwa ikawa duara. Mwenye gari huhamaki, husema huyu si fundi, na bei waliyopatana huanza kupunguzwa kabla kazi haijakwisha. Maoni yangu ni kwamba aghalabu ya hasara hii huletwa na mwenye gari mwenyewe, kwa kuwa amezoea kulipia jasho analoliona na hakubali kulipia kungoja, ilhali kazi ya boliti iliyoganda, kwa sehemu yake kubwa, ni kungoja.

Boliti haigandi kwa inda. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na kwa kuwa baina ya hesi za boliti na hesi za tundu lake hapana nafasi ya ziada, kutu ikiota humo hujisukuma na kujikaza yenyewe hata vyuma viwili vikashikamana. Na pale ambapo boliti ya chuma imeingia katika kichwa cha injini cha aluminiamu mambo huzidi, maana madini mawili yasiyo ya jinsi moja yakikutana na unyevu, hasa unyevu wa chumvi, hulana, tena aluminiamu hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma, basi kila injini inapopata moto na kupoa, ulaji huo hufunguliwa mlango mpya. Chumvi nayo hatukuikosa. Upepo wa bahari huileta Mombasa, Tanga na Unguja bila ya ushuru. Na miongoni mwa magari tunayoyanunua Japani yamo yaliyotumika pande za kaskazini, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi majira ya baridi ili kuyeyusha barafu, nayo huteremshwa bandarini yameng'arishwa mwili na huku tumbo limekwisha kuliwa. Kenya imekataza kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka 8, na hiyo ni hekima. Walakini baridi 8 zinaitosha kutu.

Juu ya hayo iko dhiki ya mahali. Katika zile basi ndogo za Kijapani ambazo injini yake imefichwa chini ya viti vya mbele, boliti ya juu ya stata huweza kujificha nyuma ya injini, pale inapoungana na giaboksi, na fundi huifikia kwa mkono mmoja, jicho halioni kitu, ncha za vidole ndizo zinazomwarifu kama spana imekaa sawasawa au imeng'ata pembeni. Hapo ndipo pana shauri ambalo mwenye gari aghalabu halijui. Spana ya pete yenye pembe 12 huweza kushika upya kila baada ya nyuzi 30, ilhali yenye pembe 6 huhitaji nyuzi 60, na katika upenyo ambao mkono hauwezi kusogea zaidi ya nyuzi 40 au 50, tofauti hiyo ndiyo kazi kufanyika au kutofanyika. Lakini ile ya pembe 12 hukamata karibu na ncha za kichwa, na ile ya pembe 6 hukumbatia kuta zake. Kwa hiyo inayoingia kwa urahisi ndiyo inayoharibu kwa urahisi. Fundi mwenye wasaa atatoa kwanza waya wa betri, kisha bomba hili, kisha kishikizo kile, mpaka apate njia ya soketi ya pembe 6 na kirefusho chake, hata kama njia hiyo yapita mvunguni. Mwenye gari akiona vyombo vinafunguliwa ambavyo havikutajwa asubuhi hudhani anaongezewa kazi apate kuongezewa bei, basi husimama pale na saa mkononi, na fundi anayesimamiwa na saa huchukua chochote kinachoingia.

Na kinachoingia mara nyingi si saizi yake. Magari ya Kijapani hupenda vichwa vya milimita 10, 12, 14 na 17; masanduku yetu ya spana yamechanganyika na za inchi, na ile ya inchi 9/16, ambayo kwa milimita ni 14.29, huvaa kichwa cha 14 vizuri kiasi cha kumhadaa hata mzoefu, mpaka atie nguvu. Pengo lisilofika theluthi ya milimita latosha kusaga pembe za boliti iliyoganda. Ikishateleza mara ya kwanza huletwa ile spana yenye mdomo wa kupanuliwa na kubanwa, ambayo jina lake la gereji si la kuandikwa katika gazeti linalosomwa na watoto, kisha koleo, kisha tindo na nyundo, na kila kimoja huondoka na sehemu ya kichwa kilichobaki.

Dawa yenyewe si siri. Kutu ya nje husuguliwa kwa brashi ya waya. Mafuta mepesi ya kupenya humiminwa na kuachwa usiku kucha. Kichwa hugongwa mapigo madogo madogo ili kutu ipasuke. Kisha boliti hukazwa kidogo kabla ya kulegezwa, na ikijibu huendeshwa mbele na nyuma, haivutwi moja kwa moja. Moto husaidia mno, kwa kuwa hutanua nati na kuvunja kutu, lakini moto karibu na bomba la petroli wataka hadhari kubwa. Hata kichwa kikishalika, soketi ya pembe 6 iliyo ndogo kidogo yaweza kupigiliwa kwa nyundo ikavaa, au nati ikachomelewa juu ya kilichobaki, na boliti ikapata kichwa kipya na joto kwa pamoja. Katika kazi zote hizi ile iliyo salama kuliko zote, yaani usiku wa mafuta, haina kelele wala jasho, na kwa hiyo katika mapatano yetu haina bei.

Najua watakayoyasema wenye daladala na matatu. Gari lisiloingia barabarani halileti hesabu ya jioni, na dereva anayemhimiza fundi naye anahimizwa na tajiri. Wako pia mafundi watakaolipisha kungoja na wasitie hata tone la mafuta. Hoja hizo ni za kweli, na zote mbili zinatibika kwa utaratibu mmoja: gari lipelekwe jioni baada ya safari ya mwisho, mafuta yatiwe mbele ya macho ya mwenyewe, na ujira wa jioni hiyo ulipwe kama kazi inayojitegemea, usiopungua, kwa rai yangu, robo ya ujira wa kazi nzima, spana ianze alfajiri.

Uko ubahili mwingine, mdogo kwa kimo, unaoniudhi zaidi. Boliti ikishatoka, kichwa kimelika na hesi zimechakaa, mwenye gari huuliza kama haiwezi kurudishwa. Hurudishwa, hukazwa kwa spana iliyovishwa bomba refu, bila ya grisi, kisha gari huuzwa kwa mtu asiye na habari. Boliti mpya ya daraja lile lile, grisi ya joto kwa zile za ekzosi, na mkazo wa kadiri aliyoiandika mtengenezaji, ni gharama ndogo kuliko chakula cha mchana cha wote wawili. Fundi na aitoze pamoja na kazi, bila ya kuuliza, na ile kuukuu ampe mwenye gari mkononi aende nayo.