MCHUKUZI WA MSIMBAZI NAYE ANA MWILI



Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulitangaziwa maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Leo wawili kati yao wanafanya kazi pamoja. Umaskini humshika mtu, maradhi humpiga.

Tazameni hapa Msimbazi. TANU ilizaliwa jirani, katika mtaa uitwao sasa Lumumba, tarehe 7 Julai 1954. Mnazi Mmoja si mbali, Amana ipo Ilala, Muhimbili ipo Upanga. Mchukuzi wa Kariakoo hakosi hospitali. Anakosa fedha za dirishani. Basi akishikwa na homa hununua vidonge viwili dukani, akarudi kwenye mkokoteni. Siku ya tano hubebwa hoi. Ugonjwa uliokuwa mdogo sasa unataka kitanda, damu na sindano, na nyumbani cherehani inauzwa.

Mambo haya hayakushuka mbinguni. Baada ya Uhuru mtu wa kawaida alitibiwa hospitali ya serikali bila kulipa. Julai 1993 ukaja mpango wa kuchangia gharama. Tukaambiwa asiye na uwezo atasamehewa. Je, ni haki mgonjwa azunguke na homa yake akitafuta barua ya kuthibitisha kwamba ni maskini?

Wako watakaosema kwamba dawa hununuliwa kwa fedha. Kweli, hatubishi. Sisi twauliza: zilipwe lini, na nani? Karani wa serikali hukatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya, na mwajiri humtolea asilimia 3 nyingine. Siku akiugua, amekwisha kulipa. Mchukuzi hana mwajiri. Nani atamtolea nusu yake?

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Twaipokea kwa mikono miwili. Lakini sheria iliyo kabatini haitibu malaria. Kila tawi liandike majina ya wachukuzi, wachuuzi na mama lishe, mtaa kwa mtaa, liyapeleke kwa diwani na mbunge, na kuuliza hadharani: huyu atachangia kiasi gani, na huyu asiyeweza atalipiwa na nani?

Asiye na jibu asije Msimbazi kuomba kura. Watu hawa ndio waubebao mji huu mgongoni. Wakianguka, mji uwabebe.

Uhuru na Kazi!