Madigadi si ya wazee

Najua nimepotea, testi zilinibana kweli kweli. Leo sina habari za bweni wala za boom. Nina jambo moja tu: madigadi ya baiskeli. Cheka kwanza, halafu soma.

Wengi mnaifahamu haibridi yangu ya mtumba, nusu ya mlimani, nusu ya lami. Niliinunua ikiwa haina madigadi na nikaona poa tu, tena niliona imekaa kisasa. Rumumeti wangu akakazia: madigadi ni mambo ya Phoenix za wazee, makelele matupu. Nikakubali.

Sasa ikaja Aprili, masika imekolea, na mimi nina tuisheni ya Kidato cha Pili kule Changanyikeni. Siku hiyo mvua ilikuwa imekatika, nikasema twende. Kumbe maji hayatoki juu peke yake! Nimefika, nimesalimia, kwa mbele niko safi kabisa. Nikageuka kuandika tarehe ubaoni. Kimya kidogo, halafu kicheko kimoja kirefu. Mstari wa tope jekundu toka kiunoni mpaka kwenye kola, juu ya shati jeupe. Na nina mashati meupe mawili tu. Kipindi kizima nilitembea upande upande kama kaa ili nisiwape mgongo, na mnajua ualimu bila kugeukia ubao haupo. Nidhamu ya lile darasa mpaka leo naitafuta.

Basi nikanunua yale mafupi ya plastiki ya kuchomeka chini ya kiti. Elfu nane zangu zikafa hivyo hivyo. Mgongo kweli ulipona kidogo, lakini hayasogei karibu na tairi, kwa hiyo maji yanapita pembeni. Ukigonga tuta yanageuka upande. Na hayagusi kabisa shida ya gurudumu la mbele, ambalo ndilo linalomwagia viatu na cheni mchanga. Ndiyo maana nasema wazi: hayo mafupi ni urembo. Kama unanunua, nunua marefu, yanayofuata duara la gurudumu, yenye mikono ya chuma inayofungwa karibu na ekseli.

Kabla hujatoa hela, angalia ubavuni mwa tairi. Langu limeandikwa 700x38C. Hiyo 38 ni upana kwa milimita, kwa hiyo madigadi yawe na 45 au zaidi, la sivyo tope litatoka kando. Halafu angalia kama fremu na foki zina matundu ya bolti karibu na ekseli. Haibridi nyingi zinayo. Bolti ni za milimita 5, spana namba 8. Omba nati zenye plastiki ndani, maana za kawaida hulegea kwa mtikisiko, na hapo ndipo yale makelele ya rumumeti wangu yanapoanzia. Kosa si la madigadi, ni la nati!

Fundi wangu alifunga bolti ndefu upande wa cheni. Nikiendesha, tik tik tik, kumbe ncha inakwaruza cheni. Tukaikata kwa msumeno, kelele ikaisha. Acha nafasi ya kama sentimita 1 kati ya tairi na madigadi, sawasawa kuzunguka duara lote. La mbele usilifanyie mzaha: kijiti kikinasa kati ya tairi na madigadi iliyolegea, inajikunja, gurudumu linagoma, unaruka juu ya usukani. Mengine yana kishikizo cha plastiki kinachochomoka chenyewe kijiti kikiingia. Ukiyapata hayo, yachukue.

Nikiri jambo moja lakini. Kwetu Shinyanga, kwenye udongo wa mbuga, mzee alikuwa anavua madigadi kabisa kipindi cha mvua. Ule udongo unajaa kati ya tairi na bati mpaka baiskeli unaibeba wewe. Hapo rumumeti ana haki. Ila njia ya kutoka Hall kwenda Changanyikeni siyo mbuga ya Shinyanga, na yeye mwenyewe juzi kaniomba baiskeli kwenda kwenye usaili. Sikuuliza kwa nini ameacha ya kwake.

Bado kitu kimoja. Madigadi ya mbele inaishia juu mno, viatu vinalowa. Nataka kuongezea ulimi wa mpira chini yake, ufike karibu na ardhi. Mwenye kipande cha mpira wa tyubu ya gari, hata kilichotoboka, anibipu nije kukichukua. Jumatatu nina vipindi viwili na shati ni lile lile.